Mafini za pumba za ngano na zabibu kavu: nimepima gramu kwa gramu jikoni, njooni tuone kuna nini ndani

Mwokaji wa Tabata (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Naleta jambo lililonikaa kifuani tangu mwezi uliopita. Mama yangu ana kisukari cha aina ya pili, huu ni mwaka wa 9, na anaishi nami. Chai ya saa nne bila kitafunwa kwake si chai. Kliniki walimshauri aachane na maandazi, ale vyenye nyuzinyuzi. Basi mama mdogo, kwa mapenzi yake, akawa anamletea mafini, zile keki ndogo za kwenye kikombe cha karatasi, kutoka mgahawa mmoja mjini. Zimeandikwa ni za pumba za ngano na zabibu kavu. Zina rangi ya kahawia iliyokolea na zabibu zimechomoza juu. Ukiitazama unasema hii ndiyo ya mgonjwa. Mama akawa anakula moja nzima kwa amani kabisa.

Siku moja nikampima sukari ya damu kabla ya kula: 7.1 (milimoli kwa lita). Saa mbili baada ya kumaliza ile mafini nikampima tena: 14.2. Kesho yake tukarudia, ikasoma 13.6.

Mafini ya tatu sikumpa. Niliiweka kwenye mizani yangu ya keki, ikasoma gramu 138. Nikaimega vipande kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, nikaiacha ilainike, kisha nikaipitisha kwenye chujio la chai huku nikimwagia maji polepole. Rangi ya kahawia yote ilikwenda na maji. Kilichobaki kwenye chujio ni zabibu 9 na vipande vya pumba ambavyo nilivikusanya kwa ncha ya kisu, havikujaza kijiko cha chai. Naoka keki za oda mwaka wa 6 sasa na ile rangi naijua: ni sukari iliyounguzwa. Pumba hazichuji rangi namna ile.

Nikaamua kuoka mwenyewe kwa ile resipe ya kawaida iliyozagaa kila mahali, ila safari hii kila kitu nikipime kwa gramu, sio kwa kikombe. Pumba za ngano 90, unga mweupe wa ngano 125, sukari 150, mafuta ya kula 73 (hiyo ni theluthi ya kikombe), yai 1, mtindi 240, zabibu kavu 100, magadi ya kuokea kijiko 1 cha chai, chumvi nusu kijiko. Zikatoka mafini 12, kila moja kama gramu 63 zikishapoa.

Kisha nikakaa na daftari na takwimu za vyakula, nikajumlisha na kugawa kwa 12. Mafini moja:

Nishati kilokalori 200. Wanga gramu 33. Ndani yake sukari ya kuongeza ni 12.5, yaani vijiko 3 vya chai vilivyojaa, na zabibu zinaongeza sukari yake kama gramu 5. Mafuta 7.6. Protini 3.7. Nyuzinyuzi 3.8. Magnesi miligramu 54, madini ya chuma miligramu 1.2, sodiamu kama miligramu 215.

Sasa hapa ndipo nilipokaa nikafikiri sana. Nilipiga hesabu ya pili: je, nikitoa pumba zote, mahali pake niweke unga mweupe gramu 90, itakuwaje? Nyuzinyuzi zinashuka kutoka 3.8 hadi 0.8 kwa mafini. Hilo ni anguko kubwa, kwa hiyo pumba zinafanya kazi yake, tena karibu peke yake. Zabibu zote gramu 100 zinachangia gramu 3.7 tu kati ya 45 za sinia zima. Lakini nishati inapanda kutoka 200 hadi 211 tu. Sukari haisogei hata chembe. Yaani pumba inaongeza nyuzinyuzi, haiondoi kilichokwisha kuwekwa. Mama yangu alikuwa anaambiwa "hii ni ya pumba" kana kwamba pumba inafuta sukari.

Na ile ya mgahawani, hata tukiihesabia heri kwamba mchanganyiko wake ni kama wangu, kwa gramu 138 ni kilokalori 435, wanga gramu 72 na sukari ya kuongeza gramu 27. Wanga huo ni sawa na vipande vitano vya mkate kwa mara moja. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayekula kilokalori 2000 hiyo asilimia 5 ni gramu 25. Kitafunwa kimoja kimeshaimaliza saa nne asubuhi.

Naomba wenye utaalamu wa lishe na wenye uzoefu wa kuoka waje. Nataka kumtengenezea mama mafini ambayo jina lake ni la kweli.

---

Muuguzi wa Zamu

Dada, hongera kwa moyo huo na kwa mizani. Wagonjwa wengi wanaishia kusoma karatasi ya nje.

Nichangie upande wa sukari kwenye damu. Nyuzinyuzi haziko aina moja. Kuna zinazoyeyuka kwenye maji na kufanya uteute kama wa bamia, na kuna zisizoyeyuka. Za uteute ndizo zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu na kusaidia kushusha lehemu (kolesteroli). Pumba za ngano kwa sehemu kubwa ni hizo zisizoyeyuka. Kazi yake ni utumbo mpana: zinanyonya maji, zinaongeza ujazo wa choo, choo kinapita haraka na kwa urahisi. Kwa mwenye choo kigumu ni dawa nzuri. Kwa kuzuia sukari isipande baada ya mlo, usizitegemee sana.

Kwa hiyo mama alipewa ushauri sahihi, "kula nyuzinyuzi", ila ukatafsiriwa kwenye kitafunwa chenye unga mweupe na sukari. Kwake cha kuangalia kwanza ni jumla ya wanga kwenye kile anachokula kwa mara moja. Gramu 33 za mafini yako ndogo ni kama vipande viwili vya mkate na kidogo juu. Anaweza kula kama hakuna kingine chenye wanga pembeni na chai haina sukari. Ile ya gramu 138, hapana.

Na mama mdogo usimlaumu, alisoma kilichoandikwa.

---

Mwokaji wa Tabata

Asante sana dada muuguzi. Mama mdogo sijamlaumu hata kidogo, nilimwonyesha chujio tu, akaelewa. Hilo la aina mbili za nyuzinyuzi sikulijua, nilidhani ni kitu kimoja. Chai yake mama haina sukari tangu 2019.

---

Dona Daima

Mleta uzi, mimi ni mtu wa Songea, nimekulia kwenye dona. Swali langu ni la dhati kabisa: kwa nini tunalipa fedha nyingi kununua pumba ndani ya keki wakati tumezitoa wenyewe kwenye unga wetu?

Fikiria. Mahindi tunapeleka mashineni, tunakoboa, pumba na kiini tunawapa kuku na nguruwe, sisi tunabaki na sembe nyeupe. Kisha choo kikigoma tunatafuta pumba za ngano za paketi. Dona ina nyuzinyuzi kama gramu 7 kwa kila gramu 100 za unga. Mahindi yaliyoondolewa ganda na kiini yanabaki na kama nusu ya hapo. Maharage ya kuchemsha yana 6 hadi 7 kwa gramu 100, na sahani ya maharage hakuna anayeishia gramu 100. Ugali wa dona wa unga gramu 150 na maharage gramu 150, hapo una gramu 20. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni angalau 25 kwa siku. Mafini ya dada ina 3.8.

Sisemi asioke. Nasema nyuzinyuzi za mama zitafutwe kwenye chakula cha mchana, mafini ibaki kitafunwa.

---

Mkongwe wa Kampala

Nikazie alichosema ndugu wa Songea kwa historia, maana watu wengi hawajui kwamba habari hii ya nyuzinyuzi ina mizizi yake huku kwetu.

Kulikuwa na daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt. Alifika Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira, baadaye akahamia hospitali ya Mulago. Wengi wanamfahamu kwa ile saratani ya taya kwa watoto aliyoieleza mwaka 1958, ambayo hadi leo inabeba jina lake. Lakini baada ya kurudi Uingereza alianza kujiuliza swali jingine: kwa nini magonjwa ya utumbo yanayojaza wodi za Uingereza alikuwa hayaoni Mulago? Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha kwenye jarida la Lancet vipimo vya muda ambao chakula kinachukua kupita tumboni na uzito wa choo. Wanavijiji wa Afrika waliokula vyakula visivyokobolewa walikuwa na choo kizito zaidi, na chakula kilipita haraka kuliko kwa Waingereza.

Mwenzake mwingine, Hugh Trowell, alifanya kazi Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30. Mwaka huohuo wa 1972 ndiye aliyeandika maana ya kitabibu ya nyuzinyuzi za mlo.

Baada ya hapo Ulaya na Marekani wakaanza kula pumba kwa wingi, miaka ya 1970 na 1980. Nafaka za asubuhi zikajaa pumba, mikate ikajaa pumba, na mafini hizi zikapata heshima yake ya kiafya. Lakini walichokiona madaktari wale kwa wanavijiji ni viazi vitamu, matoke, maharage, mtama na mahindi yasiyokobolewa, na watu waliokuwa wakitembea na kulima. Hapakuwa na keki. Waliochukua pumba wakaichanganya na vijiko vitatu vya sukari walibeba sehemu ndogo ya habari nzima. Mimi jambo hili linaniuma kila nikiona kijana wa Kampala anaona aibu kula mtama ofisini.

---

Mwokaji wa Tabata

Mzee, shikamoo. Hii historia nimemsomea mama kwa sauti. Amesema bibi yake kule Kondoa alikuwa anasaga uwele kwa jiwe na hakuna aliyekuwa anaongelea choo.

---

Kinu cha Njoro

Mimi nafanya kazi kwenye kinu cha ngano, Kenya. Nataka niseme juu ya pumba zenyewe, kwa sababu ninyi wote mnaongea kama pumba ni kitu kimoja.

Punje ya ngano ina sehemu tatu. Ganda ndilo pumba, kama asilimia 14 au 15 ya punje. Kiini ni asilimia 2 hadi 3. Kinachobaki, zaidi ya asilimia 80, ni ile nyama nyeupe ya wanga ndiyo unga wenu mweupe. Vinu vinapasua punje na kukwangua ganda hatua kwa hatua. Mwishoni kunatoka pumba nene zenye vipande vipana kama magamba ya samaki, na kunatoka zile laini zenye unga unga ambazo wafugaji wetu wanaziita pollard. Zile nene ndizo zenye nyuzinyuzi nyingi, gramu 43 kwa gramu 100. Gramu 100 hizohizo zina protini 15, madini ya chuma miligramu 10 na magnesi zaidi ya miligramu 600. Kwa hiyo tunapopepeta ngano tunatupa sehemu kubwa sana ya madini yake.

Sasa onyo, na ninaliweka wazi: pumba za gunia la mifugo msioke nazo. Si kwa sababu mmea ni tofauti, ni uleule. Ni kwa sababu ya safari yake. Gunia limelala sakafuni, limenyeshewa njiani, limefunguliwa dukani pamoja na dagaa wa kuku. Ukungu unaingia, na sumu ya ukungu haiondoki kwa kuoka. Nunueni zilizofungwa kwa ajili ya chakula cha watu, au chukueni ngano safi mpeleke mashine ya kusaga, mpepete wenyewe. Na pumba za mpunga za mashine za mtaani kabisa msiguse kwa kuoka. Mle kuna maganda ya nje makali yasiyosagika.

Jambo la pili, pumba zina mafuta kidogo na zinachacha. Ukizifungua weka kwenye chombo kinachofunga vizuri ndani ya friji. Zikinuka kama mafuta ya kukaangia ya zamani, zimekwisha.

---

Mwokaji wa Tabata

Kaka wa Njoro, umenisaidia sana. Zangu nilinunua paketi ya duka la vyakula, lakini kuna mteja wangu alinipendekezea gunia la dukani kwa mfugaji kwa kuwa ni bei rahisi. Namwambia leo hii.

---

Mjamzito wa Pili

Samahani wakuu, naomba niingize swali. Damu yangu iko chini, 9.8, nina miezi 5. Naambiwa na majirani zabibu kavu zinaongeza damu, na hizi pumba kaka amesema zina madini ya chuma. Nikila mafini mbili asubuhi itanisaidia?

---

Muuguzi wa Zamu

Mdogo wangu, pole na hongera ya ujauzito. Nakujibu polepole.

Zabibu kavu gramu 100 zina madini ya chuma kama miligramu 1.9. Konzi moja ya mkono ni gramu 30 hivi, kwa hiyo unapata nusu miligramu na ushee. Mjamzito anahitaji kama miligramu 27 kwa siku. Zabibu ni tamu na hazina ubaya kwako, lakini damu haitapanda kwa hizo.

Pumba zina madini mengi kwa hesabu, lakini zina pia kitu kinaitwa fitati, kinachoyashika madini ya chuma na zinki yasinyonywe vizuri na mwili. Namba iliyoko kwenye jedwali sio yote inayoingia kwenye damu. Kulowesha na kuchachua hupunguza fitati kiasi. Chai nayo huzuia, kwa hiyo mafini na chai ya rangi pamoja ni vizuizi viwili kwenye meza moja.

Kwako wewe: vidonge ulivyopewa kliniki usiviache, na usivimeze pamoja na chai, maziwa wala pumba, acha saa moja au mbili kati. Kula nyama, samaki, dagaa, maharage, mboga za majani, na uwe na chungwa au ndimu pembeni kwa sababu vitamini C husaidia chuma kunyonywa. Na 9.8 wahudumu wako waifuatilie, rudi tarehe waliyokupa.

---

Mjamzito wa Pili

Asante dada. Nilikuwa nameza na chai. Nimeelewa.

---

Mgogo wa Minnesota

Wadau nawasalimu kutoka huku Marekani kwenye baridi. Huku mafini ziko kila kona na nyingine ni kubwa kuliko ngumi ya mtu mzima. Faida yetu ni kwamba karatasi ya nyuma imeandikwa kila kitu na tangu miaka ya karibuni sukari ya kuongeza inaandikwa mstari wake peke yake. Nawashauri mkipata bidhaa ya paketi angalieni vitu vitatu: uzito wa kipande kimoja, sukari ya kuongeza, na nyuzinyuzi. Kisha tazama orodha ya viambato, maana hupangwa kwa uzito kuanzia kilicho kingi. Kama sukari imetajwa kabla ya pumba, umeshapata jibu.

Kuna jamaa wengi hapa wanachanganya pumba za ngano na pumba za oti. Za oti nyuzinyuzi zake ni chache, kama gramu 15 kwa 100, lakini sehemu nzuri ni zile za uteute alizosema muuguzi. Kwa mama mwenye kisukari ningechanganya nusu kwa nusu.

Na kama mtu wa Dodoma niseme neno juu ya zabibu. Nyumbani tunavuna mara mbili kwa mwaka. Watu wanashangaa kwa nini zabibu mbichi mgonjwa anaruhusiwa chache na kavu anaonywa. Ni kwa sababu kilo 4 hivi za mbichi zikikauka zinabaki kilo 1. Maji yameondoka, sukari imebaki yote. Mbichi ina sukari kama gramu 15 kwa 100, kavu inafika 60 na zaidi. Potasiamu nayo imejikusanya, kama miligramu 750 kwa 100, hilo ni jema kwa wengi, ila mwenye figo dhaifu amuulize daktari wake kwanza. Vitamini C karibu yote imepotea. Na zile za rangi ya dhahabu hutunzwa kwa moshi wa salfa ndiyo maana hazibadiliki rangi; mwenye pumu awe mwangalifu nazo.

---

Bibie wa Mchangani

Mwanangu wa Tabata, mie niko Unguja, nimeoka miaka thelathini. Usizitoe zabibu. Zikate. Zabibu moja ikatwe mara tatu nne kwa kisu kilichopakwa mafuta, halafu ziroweke kwenye maji ya moto kidogo yenye mdalasini na iliki. Utatumia nusu ya ulizokuwa ukitumia, na kila tonge utakutana na utamu. Zabibu nzima zinazama chini na mlaji anangoja tonge la mwisho.

Na pumba nazo usizitie kavu. Zimwagie mtindi wote, funika kawa, ziache. Zikitiwa kavu zinanyonya maji ya donge ndani ya tanuri na keki inatoka kama mchanga, ndipo watu wanazidisha sukari na mafuta kuiokoa. Sukari nyingi ya mafini za pumba inatokana na kukosa subira, mwanangu.

---

Mwokaji wa Tabata

Bibie, shikamoo. Maneno yako nimeyafanyia kazi jana usiku na leo asubuhi, na naleta majibu kwa wote.

Nilitia pumba gramu 120 kwenye bakuli, nikamwagia mtindi gramu 300. Mwanzo zinaelea, zinakataa. Baada ya dakika kumi zimeanza kushuka na kutoa harufu ya ngano mbichi kama shambani baada ya mvua. Nilipofunua baada ya nusu saa, mtindi haukuonekana tena, kijiko kilisimama. Nikaponda ndizi mbivu mbili, zilizoiva mpaka maganda meusi, gramu 200 bila maganda. Unga mweupe nikautoa, nikaweka atta (unga wa ngano) ya kusaga nzima 125. Sukari nikashusha kutoka 150 hadi 50. Mafuta kutoka 73 hadi 45. Yai 1. Zabibu 80, zimekatwa kama ulivyoelekeza, na mdalasini. Magadi kijiko 1, chumvi nikaacha kabisa.

Mafini 12. Kila moja: kilokalori 162, nyuzinyuzi gramu 6, protini 4.7, mafuta 5.7, sukari ya kuongeza gramu 4, yaani kijiko kimoja cha chai badala ya vitatu. Zabibu na ndizi zinaleta sukari yake kama gramu 6, hiyo siifichi. Tazameni: nyuzinyuzi zimepanda kutoka 3.8 hadi 6 na sukari ya kuongeza imeshuka hadi theluthi moja, na mafini bado ni tamu. Ni nzito zaidi mkononi, haivimbi kama ile ya kwanza, juu haipasuki vizuri. Kwa oda ya harusi siwezi kuipeleka. Kwa chai ya nyumbani inatosha kabisa.

---

Kinu cha Njoro

Safi sana. Ila hakikisha hiyo atta ni nzima kweli. Nyingi za madukani zimepepetwa kiasi. Ukiisugua kati ya vidole uone magamba ya kahawia na usikie ukwaruzo.

---

Dona Daima

Nimeikubali hii ya pili. Swali moja: mama anakunywa maji ya kutosha? Shemeji yangu alianza pumba kwa pupa, vijiko vinne kwa siku bila maji, akafunga choo siku tano na tumbo likajaa gesi.

---

Muuguzi wa Zamu

Ameuliza la maana. Nyuzinyuzi hizi zinafanya kazi kwa kushika maji. Maji yasipokuwepo zinakauka ndani. Aanze na nusu mafini kwa siku wiki ya kwanza, glasi ya maji kila mara, kisha apande. Gesi za mwanzo hupungua utumbo ukizoea. Watoto wadogo msiwape pumba nyingi, tumbo lao dogo linajaa kabla hawajapata chakula cha kukua, na zabibu nzima kwa mtoto anayeanza kula zinaweza kumkaba. Mwenye tatizo la gluteni asiguse kabisa, pumba za ngano zina gluteni.

---

Mwokaji wa Tabata

Mama ameanza na nusu, maji glasi moja, chai ya maziwa bila sukari. Leo kabla ya kula ilisoma 7.4, saa mbili baadaye 9.3. Tutapima siku saba mfululizo na nitaziandika zote hapa, nzuri na mbaya. Nusu iliyobaki aliifunga kwenye karatasi akaandika jina lake, kaka yangu asije akaila. Na mama mdogo anakuja Jumamosi kujifunza kuoka. Amesema aje na mizani yake.